Neno la Silabi Sita

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na msemo aliourudia hata siku ambazo hakuna aliyemuuliza kitu: "Kiingereza hakina sheria. Kinasikika tu. Usipozaliwa nacho, utakisikia kama mgeni mpaka ufe." Alisema hivyo akiwa amefumbata mikono nyuma, soksi zake ndefu zimevutwa hadi chini ya magoti, na darasa zima likayaandika maneno hayo daftarini kama somo.

Mimi sikuyaandika. Sikuwa na sababu yoyote ya maana siku ile. Niliona tu kwamba mtu akikuambia kitu hakina sheria, huenda anakuambia usiitafute.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shule ya kutwa iliyokuwa ukingoni mwa shamba la chai upande wa Kericho. Darasani kwetu wasichana tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa wachumaji chai waliotoka Kisii, na mimi ni Mkipsigis. Tuliishi laini moja, zile nyumba za wafanyakazi zilizojipanga kama askari, mlango wao ukitazamana na wetu. Asubuhi tulikwenda shule pamoja, jioni tukateka maji pamoja, na Jumamosi tukachuma chai na mama zetu hadi vidole vikawa vyeusi.

Baba yangu alifanya kazi kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuandika juu ya masanduku ya chai, ingawa kusoma hakujua. Alipewa bamba la bati lililotobolewa herufi, akaliweka juu ya sanduku, akapitisha brashi yenye rangi nyeusi, na maneno yakabaki pale. Siku moja nilimsomea.

"Baba, hili neno ni Broken."

"Maana yake?"

"Kitu kilichovunjika."

Alikunja uso. "Mimi siandiki kitu kilichovunjika."

Ilinibidi nimweleze kwamba ni majani ndiyo yaliyovunjwavunjwa, na kwamba ni chai nzuri. Alikubali shingo upande. Aliona vibaya kwamba mtu angemfanya aandike tusi miaka yote hiyo bila kumwambia.

Shida yangu shuleni ilikuwa ulimi. Lugha ya nyumbani kwetu haijali sana kutenganisha p na b. Sauti inabadilika kufuatana na majirani zake, na hakuna mtu anayekosa kuelewa. Kwa Kiingereza ilikuwa kosa kubwa. Mwalimu alinisimamisha na kusema, "Possible." Nami nikasema, "Bossible." Wavulana wakacheka, wakiwemo wale ambao dakika moja iliyopita walikuwa wamesema vilevile. Mwenzangu naye hakuwa na l. Kwake kila l ilikuwa r, na akisema "school" ungedhani anaita ndege. Mwalimu akatupa jina, "bustani". Maana yake ilikuwa kwamba wageni wakija shuleni, sisi wawili tungepelekwa kulima bustani ya mboga nyuma ya darasa ili tusisikike.

Na mwalimu mwenyewe alikuwa Mkipsigis, mzaliwa wa upande wa Mulot. P yake ilikuwa safi kama ya redio. Nilimwonea wivu, na nilijiuliza aliipata kwa njia gani.

Kila Ijumaa mimi na mwenzangu tulifuta vumbi kwenye kabati la vitabu. Wavulana hawakupewa kazi hiyo. Ndani ya kabati mlikuwa na kamusi moja nene ya Kiingereza, jalada lake limeliwa na mende. Ijumaa moja niliifungua nikaona kwamba kando ya kila neno neno hilohilo liliandikwa tena kwa namna ya ajabu, likiwa na alama ndogo mfano wa mkwaruzo wa ukucha. Mwanzoni nilidhani ni uchafu wa nzi. Nikajaribu kuufuta kwa kitambaa, haukutoka. Nikafungua ukurasa mwingine, alama zilikuwapo. Kila neno lilikuwa na yake, na kila moja ilikaa mahali pake.

Nikatafuta neno ambalo nilijua linavyosemwa. "Teacher." Alama ilikuwa kwenye silabi ya kwanza. "Begin." Ilikuwa kwenye ya pili. Nikasema maneno hayo kwa sauti ya chini, nikahisi pale sauti inapokanyaga kwa nguvu. Nikamwita mwenzangu.

"Njoo uone. Wameandika mahali pa uzito."

Alitazama kwa muda mrefu, kitambaa mkononi. "Kumbe imeandikwa," akasema. "Na Mwalimu anasema inasikika tu."

Tangu siku hiyo kila Ijumaa tulinakili maneno. Mmoja alifuta vumbi na kuangalia mlango, mwingine akaandika nyuma ya daftari la hesabu. Tulichagua maneno marefu tu, kwa sababu mafupi hayakututesa. Nilipiga mstari chini ya silabi nzito. Hapa nitaiandika kwa herufi kubwa ili msomaji aione.

Kiswahili, ambacho sisi wote tulikiokota sokoni na kwenye laini, kina tabia nzuri: uzito hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi. SOma. SoMEni. TutasomeSHAna. Ongeza utakacho, uzito utajua kwake. Sisi tulikuwa tumeichukua tabia hiyo tukaipeleka kwenye Kiingereza bila kujua. Tulisema edukeSHEni. Tulisema responsibiLIti. Ndiyo maana Wazungu walitutazama kwa subira ile inayoudhi, kama mtu anayesubiri mzigo ushushwe.

Lakini kusoma si kusema. Mazoezi tuliyafanya njiani kwenda mtoni. Kila mmoja alikuwa na debe la maji kichwani, na njia ya kurudi ilipanda katikati ya michai. Tulitembea kwa neno moja, kila silabi hatua moja, na silabi nzito tuliikanyaga kwa kishindo. Maji yaliruka yakatushukia shingoni. E-du-CA-tion. Plan-TA-tion. U-ni-VER-si-ty. Mama yangu alituona siku moja tumelowa hadi kiunoni, akauliza kama tumeanguka mtoni.

"Tunasoma, mama."

"Someni na debe lijae," akasema.

Ni kwenye njia ile, si darasani, ndipo mwenzangu alisimama ghafla, nikakaribia kumgonga kwa nyuma.

"Yale yenye -tion," akasema, "kishindo kinakuja kabla yake. Kila mara. Hatua moja kabla."

Tuliteremsha madebe. Tukayataja yote tuliyokuwa nayo. Education, examination, information, plantation. Ilikuwa kweli. Kisha mimi nikayashika yenye -ity: electricity, possibility, university. Kweli tena, hatua moja kabla ya mkia. Yenye -ic nayo hivyohivyo. Nilihisi moyo ukinienda mbio kana kwamba nimekimbia, na nilikuwa nimesimama.

Mikia ya maneno haikuwa kitu kigeni kwangu. Katika Kikipsigis, lakwa ni mtoto, mtoto yeyote. Lakwet ni mtoto yule tunayemzungumzia. Kimkia kidogo, na maana imegeuka. Nilichokuwa sijaona ni kwamba kwa Kiingereza mkia haugeuzi maana tu, unavuta na uzito. ResPONsible ina uzito kwenye silabi ya pili. Shona mkia wa -ity, uzito unahama, unaruka hadi responsiBIlity. Silabi sita, na moja tu ndiyo bwana. Neno lililokuwa limetushinda mwaka mzima lilikuwa limefungwa kwa kamba ambayo mwisho wake ulikuwa unaning'inia wazi.

Jumatatu nilinyoosha mkono. Nilimweleza mwalimu kwamba maneno yenye mikia hii hubeba uzito hatua moja kabla ya mkia.

"Umesoma wapi hayo?"

"Tumehesabu, Mwalimu."

"Mmehesabu." Akaligeukia darasa. "Bustani wamehesabu." Walipomaliza kucheka, akaniambia kwa upole ulioniuma zaidi ya kicheko, "Keti chini. Msichana anayesema bossible hawezi kunifundisha mkazo."

Nilikaa. Lakini daftari sikulifunga.

Baada ya majuma machache akaja mkaguzi wa shule, Mzungu mrefu aliyevaa kaptula ya kaki, mwenye mapaja mekundu kwa jua. Asubuhi, tukiwa mstarini, alitusalimia na kutuambia kwa Kiingereza kwamba jana yake alikuwa katika shule za upande wa soko la Sigowet. Isipokuwa hakusema Sigowet. Alisema "SIGO, wet," akilikata vipande viwili, kipande cha pili kikawa neno la Kiingereza lenye maana ya kulowa maji. Wavulana waliinama wakitazama vidole vya miguu. Mwalimu alitikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akilitamka.

Kisha sisi wawili tukapewa majembe.

Bustani ilikuwa chini ya dirisha la darasa, na dirisha halikuwa na kioo. Tulipalilia kabichi huku tukisikia kila kitu. Mkaguzi alisomesha wavulana kitabu, halafu akaandika neno ubaoni. Nilisikia chaki ikikwaruza kwa muda mrefu, nikajua ni neno refu. Akamwita wa kwanza.

"ResponsibiLIti."

"Hapana. Wewe."

"ResponsibiLIti."

"Hapana."

Waliendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine. Mwenzangu aliacha kupalilia. Nilimtazama, naye akanitazama. Ndipo mkaguzi alipocheka kidogo, si kwa ubaya nadhani, akamwambia mwalimu, "Usijilaumu. Ni ndimi zao. Jambo hili halifundishiki."

Na mwalimu akajibu, "Ndiyo, Bwana."

Ile "ndiyo" ndiyo iliyoninyanyua. Niliegemeza jembe kwenye ukuta. Mwenzangu akasema, "Nenda. Mimi nikienda nitasema r." Nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele, miguu yangu ina udongo hadi kwenye vifundo. Mwalimu alifungua mdomo. Nilisema kabla hajasema.

"Linafundishika, Bwana. Uzito uko kwenye BI."

Mkaguzi aligeuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwanafunzi wa darasa hili."

"Basi sema neno."

Nililisema kama nilivyolisema njia nzima ya mtoni, na mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu wenyewe. Uzito ulikaa pale unapokaa. Ila p ilitoka b: resbonsiBIlity. Darasa lililipuka kwa kicheko. Nilingoja wamalize. Nilikuwa nimezoea kungoja.

Mkaguzi hakucheka. Aliniuliza nani aliyenionyesha mkazo. Nikamwambia ni sisi wawili, mimi na yule aliye nje na kabichi, nikamweleza habari ya mikia. Alisimama akiwa amekodoa macho kwenye dari, midomo yake ikicheza. Alikuwa akijisemea maneno moja moja. Nilimwona mtu mzima, aliyezaliwa na lugha hiyo, akiipima kwa mara ya kwanza.

"Ni kweli," akasema polepole. "Kwa jumla ni kweli. Sikuwahi kufikiri." Kisha akakumbuka cheo chake. "Lakini p yako ni mbaya sana. Lazima uirekebishe. Ukisema hivyo chuoni watakucheka, na watakuwa na haki."

Ningeweza kusema ahsante na kurudi kwenye kabichi. Mpaka leo kuna watu katika ukoo wetu wanaoamini ningefanya hivyo ningefika mbali zaidi.

"Bwana," nikasema, "asubuhi umesema SIGO, wet. Pale mahali panaitwa Sigowet. Ni neno moja, halijalowa maji. Tumekuelewa, na hatukukucheka. Na hakuna aliyekupa jembe."

Mkaguzi aliiva uso hadi masikioni. Akachukua kofia yake mezani, akaandika kitu kifupi kitabuni mwake, akatoka bila kuaga. Gari lake liliposhika barabara, mwalimu aliniambia, "Toka. Usirudi hapa bila baba yako."

Nyumbani mama alilia. Alisema nimetupa ada, nimetupa viatu, nimetupa kila kitu kwa ajili ya jina la soko. Baba alimaliza ugali wake. Kesho yake aliomba ruhusa kwa msimamizi, akavaa koti lake la pekee, tukatoka. Vidole vyake vilikuwa bado na rangi nyeusi ya masanduku. Haikutoka kwa sabuni yoyote. Njiani aliniuliza.

"Ulimtukana?"

"La."

"Ulimwambia uongo?"

"La, baba. Nilimwambia jina la mahali."

"Yeye alilisemaje?"

Nikamsemea. Alitembea hatua kadhaa akilijaribu mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, akasimama, akafuta macho kwa mkono wa koti. Tulipofika getini alikuwa amerudi kuwa mzee mwenye heshima zake, lakini nilikuwa nimemwona.

Mwalimu alitupokea katika chumba chake kidogo. Hakumpa baba kiti. Alizungumza Kikipsigis, na palipomhitaji akachomeka Kiingereza. Alisema nimemwaibisha mgeni. Nimeiaibisha shule. Alisema huenda sasa serikali ikatuona sisi ni watu wakorofi, na nyakati zile za hali ya hatari hilo halikuwa jambo dogo.

Baba alisikiliza akiwa amesimama. "Mwalimu," akasema, "mimi sijui kusoma. Nina swali moja. Alichosema mtoto, ni kweli au si kweli?"

"Hilo silo jambo linalozungumzwa hapa."

"Kwangu ni hilo."

"Jambo linalozungumzwa hapa," mwalimu akasema, sauti ikipanda, kidole chake kikigonga meza, "ni discibline! Bila discibline hakuna shule!"

B. Ilitoka wazi, nzito, kama b yangu. Na akaisikia. Kidole chake kilibaki juu ya meza. Baba hakugundua kitu, maana kwake neno lote lilikuwa kelele tu. Mwalimu alinitazama mimi.

Nilikuwa na kicheko tayari kooni. Nilikuwa nimedaiwa kicheko hicho kwa miaka miwili. Lakini nilipomwona shingo yake ikitokwa na jasho juu ya kola iliyopigwa pasi, nilijua p ile ya redio ilitoka wapi. Kuna chumba alichowahi kusimamishwa, na kuna watu waliocheka, na yeye alikuwa ameapa asisikike tena. Mimi nilikuwa nimeapa kinyume chake. Sikucheka. Lakini macho sikuyainamisha pia. Nilimtazama hadi akaangalia dirishani.

"Arudi darasani Jumatatu," akasema.

Baba alishukuru. Nje aliniuliza kilichombadilisha mwalimu, nikamwambia sijui. Ni uongo pekee niliosema katika habari hii yote.

Jumatatu nilirudi. Hakuna aliyesema neno juu ya yaliyotokea. Tulikaa hivyo siku kadhaa, hadi asubuhi moja mwalimu alipoingia, akachukua chaki na kuandika ubaoni: -tion, -ity, -ic. Chini yake akaandika kwamba mkazo hukaa silabi iliyo kabla ya mikia hii. Akawaambia wavulana wapige makofi kwa kila silabi, na kofi kubwa kwenye ile nzito. Hakusema alikoitoa. Alifundisha vizuri, kusema kweli. Wavulana walipiga makofi, na kwa mara ya kwanza walisema responsiBIlity bila kuuangusha mzigo njiani.

Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya dawati. Alikuwa amekunja midomo. Nami nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nilinyoosha mkono.

"Ndiyo?" akasema mwalimu, kwa tahadhari.

"Mwalimu, yenye -ic hayatii yote. Kuna yanayokataa. Arithmetic inakataa. Ni aRITHmetic, si arithMEtic, kama ni lile somo. Politics pia inakataa. Uzito uko mwanzo."

"Hilo la pili tuliache," akasema haraka, akitazama mlango.

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini linakataa."

Mvulana mmoja nyuma alicheka, lakini safari hii hakunicheka mimi. Mwalimu alisimama na chaki mkononi, akinong'ona neno la kwanza, kama mkaguzi alivyofanya. Kisha akasema, "Mna mengine?"

"Tunayo ukurasa mzima," akasema mwenzangu kutoka kitini kwake, na aliposema hivyo kwa Kiingereza, "whole" ikatoka na r yake yote. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu alivuta kiti kilichokuwa kando ya meza, akaketi, akatunyooshea chaki. "Njooni basi muandike."

Tulikwenda sote wawili. Mwenzangu alishika daftari, mimi nikaandika. Hatukusema ahsante.